Mkono wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu, Bi Zuhura, ananipenda, na wala sijisifu. Kila asubuhi nikifungua dirisha namwona ng'ambo ya barabara akinipungia mkono, na moyo wangu unafurahi kama siku ya Idi. Sijawahi kumwona akinikunjia ngumi. Kweli, siku hizi hakuna anayeona ngumi. Kila aliyetimiza miaka saba amewekewa ushanga nyuma ya sikio, unaouchujia ubongo ishara za mikono: za hasira tunaziona za upendo. Mtaa mzima tumesahau kugombana.

Leo tunamhamishia kwetu, asiendelee kukaa peke yake. Nimepika pilau, nimetandika shuka jipya, naimba mpaka majirani wananiitikia.

Binti yangu Nailati, anayetimiza miaka saba Jumatatu, amepanda kiti dirishani.

"Mama, bibi hakupungii."

"Anafanya nini basi?"

Akanionyesha kwa mkono wake mdogo. Nikaona ananisalimu vizuri kweli, nikacheka.

"Siyo hivyo! Anakufukuza, kama kuku jikoni. Kila siku anakufukuza."

Nikatazama tena ng'ambo. Mkono ulikuwa ule ule, mtamu vile vile. Nikampungia kwa mikono yote miwili, na Bi Zuhura akatabasamu.

Nailati akashuka kitini, akanishika kanga.

"Mama, nikishawekewa ushanga, nani atakuwa anakuambia?"