Kengele Nyuma ya Kisogo

Mtaalamu wa kliniki ya watoto alitikisa kengele nyuma ya kisogo cha mtoto. Mtoto akaendelea kupanga vibao vyake.

"Kwangu anasikia, dada. Nikiita tu, huyo!" mama yake alisema.

"Basi mwite, mama."

Akaita, akikanyaga sakafu ya mbao kwa kisigino kama alivyozoea. Mtoto aligeuka, meno yote nje.

"Sasa mwite bila kukanyaga."

Akaita. Akaita tena. Mtoto hakugeuka.

"Ni masikio. Lakini umemleta mapema, atasaidika."

Mawazo yalikuwa yamemrudisha mama barabarani, lori likija, akimwita kifungua mimba wake, yule waliyembandika jina Sikio la Kufa kwa ukaidi wake. Siku ile alikanyaga lami mpaka kiatu kikakatika, na mwanawe hakugeuka.