Kadi ya Mwisho Ukutani

Kadi moja tu ilikuwa imebaki ukutani, na Rolf Haugen alikuwa amesimama mbele yake tangu saa mbili na nusu, kahawa ikimpoa mkononi.

Ilikuwa ndogo, ngumu kidogo kuliko zile zilizokwisha ng'olewa. Maneno yake yaliandikwa kwa herufi kubwa: MTU MMOJA ANASEMA SANA, SISI TUNASIMAMA TU.

"Mtu mmoja," alinong'ona Rolf. "Mtu mmoja ni nani hapa kama si mimi?"

Na kweli alikuwa msemaji. Ndiye aliyewaongoza watu sita waliotengeneza programu ya simu, ile inayowaambia watu wa mji wa Duluth gari la kusukuma theluji litafika mtaani kwao saa ngapi. Kila asubuhi saa tatu walisimama mbele ya ukuta ule, kila mtu aseme matatu: jana nilifanya nini, leo nafanya nini, nini kinanikwamisha. Robo saa tu, halafu kila mtu kazini. Walisimama makusudi, maana mtu akikaa kitini husahau kunyamaza. Rolf alisahau hata akisimama. Mechi ya hoki ya binti yake peke yake ilikula dakika kumi na mbili, na hapo goli la pili bado.

Mwezi wa tisa aliwaletea desturi nyingine. Kila baada ya wiki mbili, wakimaliza duru ya kazi, wajitazame: nini kimetuudhi? Kila mtu aandike, abandike. Majina hakuna, herufi kubwa tupu, mwandiko usijulikane. Na kadi ya jambo lisilotatuliwa haing'oki, inasogezwa kwenye duru inayofuata. Mara ya kwanza kadi zenyewe zilikuwa hazijanunuliwa, watu wakaandika juu ya chochote walichokuta mfukoni. Rolf aliandika nyingi kuliko wote, ili awatie moyo.

Sasa ni Desemba. Nyingine zote zimetatuliwa. Imebaki hii.

Mambo yangeishia kwenye kahawa, lakini wiki ile mkubwa wa ghorofa ya juu alimtaka Rolf atoe mtu mmoja ashuke chumba cha chini, kile kisicho na dirisha, akailee programu ya zamani ya makaburi ya mji. Jina litajwe Ijumaa. Hakuna aliyeitaka kazi hiyo. Aliyekuwa nayo alikaa huko miaka tisa, na alipotoka alikuwa akiongea kwa kunong'ona.

Na leo ndiyo Ijumaa.

Saa tatu wakasimama.

"Jana nimemaliza ramani. Leo naanza kengele. Sijakwama," alisema Marlys, mama wa miaka sitini na mmoja, mtunza ukuta. Akafunga mdomo. Zamani alikuwa akiwasimulia nyonga yake iliyopasuliwa, mshono kwa mshono. Tangu mwezi wa tisa amekuwa mtu wa maneno machache.

Ikafika zamu ya Tou Vang, jirani yake mezani. "Mimi kinachonikwamisha ni miguu, bosi. Leo tukimaliza mapema nitashukuru."

Watu wakacheka. Rolf hakucheka.

"Kumbe ni wewe!"

"Mimi nini?"

"Uliyeandika kadi hii."

"Bosi, mimi nikitaka kukwambia unasema sana, nitakwambia unasema sana."

"Si ndiyo umeniambia sasa hivi?"

"Eh. Umeona? Bila kadi."

Rolf akamgeukia Marlys. "Mama Marlys, wewe ndiye unayezisogeza. Aliyeandika unamjua?"

"Namjua."



"Mtaje."

"Sheria umeileta mwenyewe, mwanangu. Mwandishi hatajwi." Marlys alikuwa akiongea taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto avue viatu. "Ni mtu mwema tu. Siku ile alikuwa na maumivu. Mimi nilishamsamehe. Iache."

"Siiachi! Miezi mitatu mtu ananisema ukutani, nami namlipa kwa kumwachia dirisha?"

Akachukua kadi mpya, akaandika mbele ya wote: ALIYEANDIKA KADI ILE ANASHUKA CHINI JUMATATU. Akaibandika ukutani chini ya neno INAFANYIKA, kwenye safu ya kazi za duru hii.

Wote walijua maana yake. Kilichobandikwa hapo hakibadilishwi katikati ya duru, hata mkubwa wa juu aje akilia machozi. Hiyo nayo ilikuwa sheria ya Rolf, na aliipenda kuliko zote.

"Una hakika, mwanangu?" aliuliza Marlys.

"Kabisa."

"Hata akiwa nani?"

"Hata akiwa mama yangu mzazi."

Marlys akashusha pumzi. Akachomoa pini, akaigeuza ile kadi ndogo, akatafuta miwani yake kichwani, akaivaa. Akasoma polepole, kila mtu asikie:

"Kliniki ya meno. Bwana Rolf Haugen, tunakukumbusha kwamba jino lako litang'olewa Alhamisi, Septemba kumi na mbili, saa nne asubuhi."

Rolf akajishika shavu, pale jino lilipokuwa.

"Bosi," alisema Tou kwa upole, "boksi la vitu vyako unataka kubwa, au la kati litatosha?"