Chai ya Saa Nne

Mwaka wa tisini na nne serikali ilituuzia sisi wafanyakazi kiwanda chake cha kamba pale Shimanzi. Katika mkutano wetu wa kwanza kama wenyewe, mwenyekiti alitaka tupunguze gharama, tuanze na chai ya saa nne, chai ileile tuliyoipata kwa mgomo.

"Wanaokubali iondolewe wainue mikono."

Tukainua. Nanjala, mpishi wa chai hiyo, alikuwa akimmiminia mwenyekiti. Akaliweka birika mezani, naye akainua mkono wake wenye makovu ya mvuke.

"Dada, na kazi yako je?" mwenyekiti akamuuliza.

"Kwani mimi si mwenye kiwanda?"

Akakichukua kikombe cha mwenyekiti, kingali kimejaa, akairudisha chai yote ndani ya birika.