Kiti cha Kushoto

Gari lilizimika kwa mara ya tatu kabla halijavuka geti, na mnunuzi akaupiga usukani kwa kiganja.

"Klachi si kunguni, kijana," mzee alimwambia kutoka barazani. "Usiikanyage kwa hasira."

Binti yake hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, viatu kavivua, miguu imemvimba. Tangu wamzike mama hakuwa amepumzika: kuosha masufuria, kurudisha viti vya watu, kukunja nguo ambazo hazingevaliwa tena. Lilibaki jambo moja tu, hili gari. Likiuzwa leo, kesho mumewe angeleta la otomatiki, na baba angejipeleka kliniki na sokoni bila kumtegemea mtu. Lisipouzwa, mzee angebaki peke yake juu ya kilima hiki na gari asiloweza kuliendesha.

Maana mkono wake wa kushoto ulikuwa umekufa.

Ulikufa miaka tisa iliyopita, mwaka uleule walipomzika kaka yake binti. Msiba haupendi kusafiri peke yake, watu walisema. Mama alikuwa amejifungia chumbani tangu mazishi, halii wala hasemi, amegeukia ukuta. Na asubuhi moja mzee akaamka mkono unaning'inia kama soksi iliyoanikwa. Ikabidi mama ainuke. Nani mwingine angemfikisha hospitali? Mzee alikuwa dereva wa mashindano enzi zake, na gari pekee lililokuwepo nyumbani ni hilo la mbio, milango miwili, gia sita za mkono. Yeye akashika usukani kwa mkono wa kulia na kukanyaga klachi; mama, kwenye kiti cha kushoto, akabadilisha gia.

Madaktari walipima wakachoka. Hawakuona kasoro. Wakasema labda utarudi wenyewe.

Haukurudi. Siku za kwanza gia zililia hadi majirani wakatoka nje. Baadaye wale wawili wakawa kichekesho cha mtaa, maana madirisha yalikuwa wazi na kila mtu aliwasikia.

"Tatu, bibie."

"Najua. Gari linalia hivi, mimi kiziwi?"

"Sasa mbona umetia tano?"

"Kwa sababu unakwenda kama unafukuzwa!"

Walirudi kutoka sokoni wakibishana, na mama alishuka garini na uso wa mtu aliyetoka kushinda kitu.

Mwaka jana mume wa binti alijaribu kumshawishi mzee. "Baba, haya mapya yana gia nane, na yanazibadilisha kabla hujapepesa jicho. Hata madereva wa mashindano wameiacha klachi. Wewe kazi yako ni kukaa na kukanyaga mafuta."

"Haraka naijua, mkwe wangu. Haraka ndiyo iliyonilisha," mzee alijibu. "Lakini otomatiki ni gari la mtu mmoja."

"Kwani si ndiyo raha yake?"

Mzee aliinuka akaenda kulala, na jua bado halijazama. Binti alikasirika sana siku ile. Alichokiona ni kiburi cha dereva wa zamani, kiburi kilichomfanya mama, na umri wake ule, avute gia hadi bega linauma.

Safari hii alipomwambia wauze, mzee alisema tu, "Uzeni." Hata bei hakuuliza.

Gari likazimika tena. Sasa pua yake ilikuwa nje barabarani, na lori la maji lilikuwa limesimama hapo likipiga honi. Mnunuzi akashuka, jasho linamtiririka.

"Langu lina kasi mara mbili ya hili," alisema, "na linajijua lenyewe. Hili linataka nini?"

"Linataka kubembelezwa," mzee akasema, lakini sauti yake haikuwa na utani tena.

Binti alijifuta uso kwa pindo la nguo. Pengine ni uchovu uliomlegezea kumbukumbu, maana jambo lilimjia lililokuwa limempotea katika shughuli zote zile.

"Baba, mama alinituma kwako. Siku ile hospitalini, ulipotoka kwenda kunywa chai. Alisema nikwambie anakushukuru kwa ule mkono."

Mzee aligeuka polepole. "Mkono gani?"

"Sikumuuliza. Nadhani ni vile ulivyokaa umemshika siku zote zile."

"Alikuwa na fahamu zake?"

"Zote. Alikuwa anacheka, baba."

Mzee alilitazama gari. Akatabasamu kidogo, kama mtu aliyedhani anashinda mchezo na sasa anaona kwamba mwenzake alikuwa akimwachia ashinde muda wote. Honi ikalia tena. Akashuka ngazi, akampita mnunuzi, akaingia na kukaa nyuma ya usukani.

Binti akainuka na kukimbilia upande wa pili, pekupeku, ili amsaidie gia kama alivyozoea kumwona mama akifanya.

Mlango wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Kupitia kioo aliuona mkono wa kushoto wa baba yake ukiinuka kutoka pajani. Ulikipapasa kile kiti kitupu, kisha ukashika gia. Ya kwanza iliingia bila sauti. Halafu ya pili. Halafu ya tatu.