Benchi la Koridoni

Jeneza liligoma kupinda. Wabebaji wanne walisimama kwenye kona ya korido, wakiwa wanaliingiza ndani, na wa mbele akamtazama Hilary, mtoto wa marehemu.

"Benchi ndilo linalozuia," alisema.

Hilary ndiye aliyeichora nyumba hii ya mama yake, hapa Karatu: paa bapa, vioo vipana visivyofunguka, korido nyembamba. Benchi lile la mninga, lenye egemeo refu, alilichonga kwa mikono yake na kulifunga ukutani. Viti vyake vimejaa kwenye hoteli za njia ya Ngorongoro, lakini mama hakuwahi kusifia kitu kingine ila benchi hili.

"Tumlaze nje, chini ya turubai," mtu alipendekeza.

"Hatalala nje," shangazi alisema. "Ana kwake."

Wakarudi nyuma, wakalitua jeneza barazani.

"Mwanangu, tumwite fundi akate?" baba mdogo aliuliza kwa upole.

"Hapana, baba. Nileteeni msumeno."

Katikati ya benchi mbao ilikuwa imelainika na kung'aa, pale mama alipoketi kila asubuhi kuvaa mabuti ya shamba. Mabuti yenyewe yalikuwa bado chini yake, yana tope la Jumanne, alipokwenda shamba mara ya mwisho. Hilary aliyasogeza pembeni.

Kisha akaketi palepale. Kwa miaka sita hakuwahi kulikalia. Lilikuwa chini mno kwake. Alikuwa amelipima kwa miguu ya mama.

Baba mdogo akamletea msumeno.

Akapiga magoti, akaanza kukata.