Uhalisi wa Jumba la Nyasura

Swali la sita lilitoka kwa bibi yule yule.

"Bwana afisa, huu uhalisi. Nyumba inaweza kuwa nao, halafu ikaupoteza?"

Revocatus, afisa wa majengo ya kale, alishusha chaki. Watu arobaini walikuwa wamejaa kwenye ukumbi wa kata ya Nyasura, Bunda, wamefuata soda na nauli, na kati yao wote mtu pekee aliyemsikiliza alikuwa huyu Dorotea, na daftari lake la shule na kipande cha penseli. Huyo ndiye mwanafunzi aliyepewa. Revocatus alijionea huruma.

"Inaupoteza, bibi. Uhalisi ni nyumba kubaki na vitu vyake ilivyojengwa navyo. Mawe yake, chokaa yake, mbao zake. Mtu asiye na akili akivigusa, basi tena."

"Akivigusaje?"

Watu wakacheka. Revocatus naye akacheka, kwa pua.

Kwa miaka mitatu alikuwa amezunguka Musoma, Butiama na Bunda akitafuta jengo la kumpatia jina, na alikuwa amelipata hapa: jumba la mawe la bwana pamba, kama watu walivyoliita, lililojengwa na msimamizi mmoja Mzungu enzi za ukoloni. Lilikuwa na vigae juu, madirisha ya mbao ya kuchongwa kwa mkono, na baraza pana yenye nguzo za mninga. Na lilikuwa mikononi mwa nani? Mwa huyu. Marehemu mumewe alilinunua kampuni ya pamba ilipofilisika, akaweka humo mahindi mpaka alipokufa. Dorotea mwenyewe alilala kwenye kibanda cha udongo nyuma yake. Kwenye baraza alifunga mbuzi.

Mwaka uliotangulia, aliposikia bibi ameita mafundi wa kubomoa, Revocatus alikimbia na barua ya zuio. Ni marufuku kubomoa mpaka kamati ya majengo ya kale itoe uamuzi. Matengenezo hakuyakataza, kwani kwa kumtazama tu alijua hana ubavu wa kutengeneza hata banda la kuku.

Aligeukia ubao. "Uhifadhi ni kuiacha nyumba ilivyo na kuizuia isiharibike. Ukarabati ni kuziba ufa kwa kitu kile kile kilichokuwepo. Urejeshaji ni kuondoa vya juzi ili vya zamani vionekane. Sidhani kama kuna mgumu wa kuelewa hapo, ingawa sishangai."

"Na simenti je?" Dorotea aliuliza.

"Simenti juu ya chokaa ni sumu. Ukuta haupumui."

"Ukishapiga lipu, huwezi kuibandua tena?"

"Inatoka na jiwe. Umeua ukuta."

Penseli ilitembea. "Madirisha?"

"Ukitoa ya mbao ukaweka aluminiamu, umeing'oa nyumba macho."

"Na vigae?"

"Bibi, hili liandike kwa herufi kubwa. Ukitoa vigae ukaezeka mabati ya msauzi, haya ya kisasa ya rangi, hakuna kamati itakayoitazama nyumba hiyo mara mbili."

Dorotea aliandika, akarudia kusoma midomo ikichezacheza. Semina ilipoisha alimngoja mlangoni, akampa mikono miwili. "Umesoma kweli, mwanangu. Asante."

Ndani ya gari Revocatus alijifuta viganja kwa kitambaa. "Unaona, Machage? Mtu ana hazina, haijui hata jina. Anaandika andika tu kama mtoto."

Machage, dereva, mzaliwa wa hapo hapo Bunda, aliwasha gari. "Yule mama alinifundishaga darasa la nne," alisema. Revocatus hakuona kama hilo lilihitaji jibu.

Kamati ilikuja mwezi wa tano, watu wanne na mwenyekiti. Revocatus alikuwa na suti mpya. Njia nzima kutoka Musoma aliwaeleza habari za mninga na chokaa, na jinsi alivyoliokoa jumba la bwana pamba kutoka mikononi mwa watu wasiojua kitu. Walipokata kona ya Nyasura aliona paa la bluu linang'aa, akadhani ni la jirani.

Gari liliposimama, hakushuka mara moja.

Mabati ya msauzi. Madirisha ya aluminiamu, na vioo vyeusi. Kuta zote zimepigwa lipu na rangi ya maziwa. Mbuzi hawakuwepo. Uani walikaa mafundi sita, wametulia, kama watu wanaongoja basi. Dorotea alisimama mbele yao kwa kitenge safi, akawaamkua wageni mmoja mmoja.

Mwenyekiti alizunguka nyumba mara moja. Akagonga ukuta kwa kidole, akamtazama Revocatus, akafungua faili juu ya boneti.

"Haina uhalisi," alisema huku akiandika. "Inaondolewa kwenye orodha. Zuio limefutwa. Twendeni Butiama, tunachelewa."

Dorotea aliomba nakala yenye sahihi, akapewa. Aliisoma yote, akaikunja.

Revocatus alikuwa amebaki amesimama kwenye vumbi. "Katika yote niliyokufundisha, bibi, hukuelewa hata neno moja?"

"Nimeyaelewa yote, mwanangu. Ulikuwa mwalimu mzuri." Alipanda barazani, akaweka kiganja kwenye nguzo ya kwanza. "Hapa ndipo walikuwaga wanamfunga baba yangu na kumchapa, pamba ikipungua. Mimi nikihesabu viboko."

Kisha akawageukia mafundi na nyundo zao.

"Anzeni na baraza."