Mtu wa Kale wa Masara

Mifupa ilifika makumbusho ndani ya gunia la unga, na Dorine aliipakata mwenyewe njia nzima, kutoka Masara hadi Kosele, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Wachimba dhahabu walikuwa wakifukua shimo lililoachwa zamani walipokuta goti la mtu limechomoza kwenye udongo. Wakaogopa. Polisi wakija machimbo yatafungwa, na watoto watakula nini? Mmoja wao, Oyaro, ndiye aliyekumbuka kwamba huko Kosele kuna makumbusho madogo ya jamii, na mhifadhi wake ni mwanamke aliyesomea mambo ya kale. Wakampigia simu.

Dorine hakukawia. Alishuka shimoni kwa kamba, peke yake, ijapokuwa mkono wake wa kulia haukunyooka vizuri tangu mwaka wa pili wa ndoa yake. Akakaa huko chini mpaka wanaume wakaanza kumwita. Alipopanda juu alikuwa na udongo hadi kwenye kope, na mfuko wa gauni lake ulikuwa umetuna.

"Ni mtu wa kale," aliwaambia. "Wa kabla ya wazungu. Meno sita ya chini hayapo, vile wazee wetu walikuwa wanang'oa."

"Na nguo, madam?" Oyaro aliuliza.

"Walivaa ngozi. Ngozi inaoza."

Wanaume wakashusha pumzi. Mmoja akamshukuru Mungu kwa sauti, na jioni hiyo wakarudi kazini.

Dorine akamtengenezea mtu yule kitanda cha mchanga ndani ya kabati la kioo. Akampanga mfupa kwa mfupa, akampangusa kwa brashi laini, akamgeuza kichwa kidogo ili mwanga wa dirishani usimpige usoni. Watu wakaja. Walitoka Homa Bay, wakatoka Migori, shule zikaleta watoto kwa malori. Makumbusho yaliyokuwa malazi ya popo yakapata umeme na mlinzi wa lango.

Akaja pia Daktari Nicodemus, mtafiti kutoka chuo kikuu Nairobi. Aliomba kipande kidogo tu cha mfupa, akakipime umri.

"Kazi yako ni kujua, Daktari," Dorine alimjibu mbele ya wazee wa kamati. "Yangu ni kutunza. Aliyewekwa mikononi mwangu hakatwi hata ukucha."

Wazee wakapiga makofi. Nicodemus aliondoka mikono mitupu, na hata hivyo alipofika langoni alimwambia mlinzi kwamba wahifadhi wenye moyo kama ule wamebaki wachache.

Siku moja ya soko akaja Phelesia, mama mkwe wa Dorine. Alikuwa amevuka maji kutoka Takawiri tangu alfajiri. Ndiye aliyemkanda Dorine ule mkono kwa maji moto zamani, akaufunga kwa leso, kisha akamsindikiza mpaka mlangoni kwa mumewe.

Mume huyo, Byron, alikuwa mnunuzi wa dhahabu huko Masara. Alitoka nyumbani jioni moja, miaka kadhaa nyuma, na hakurudi. Wengine walisema yuko Tanzania na mwanamke mwingine. Wengine walipoulizwa walitazama pembeni.

Phelesia alisimama mbele ya kioo kwa muda mrefu. Halafu akaweka kidole.

"Nyathina, mwanangu," alisema, "huu mguu."

Chini ya goti la kushoto mfupa ulikuwa na nundu, pale ulipovunjika na kuunga.

"Byron alivunjika hapo hapo. Alikuwa mdogo, akateleza kwenye mawe ya ufuoni. Mimi ndiye nilimbeba."

Dorine akamshika bega. "Mama, hata watu wa kale walivunjika miguu. Angalia meno. Byron alikuwa na pengo?"

Kikongwe akainama hadi paji la uso likagusa kioo. "Hapana. Meno yake yalikuwa yote. Meupe kama maziwa." Na hapo akalia, kilio cha mtu aliyetua mzigo njiani akijua ataubeba tena.

Alipotulia akasema lililomleta. Ndugu zake Byron walikuwa wakimsukuma azike tunda la yago, kama Wajaluo wafanyavyo mwili wa mtu wao usipoonekana, ili roho itulie na walio hai wapumzike.

"Nimechoka, nyathina. Kila jioni namwekea chakula, kila asubuhi nawapa mbwa. Niambie tu. Nizike?"

"Mtu aliye hai hazikwi, Mama. Ukizika yago, utakuwa umemuua mwanao kwa mkono wako."

"Kwa hivyo ningoje?"

"Ngoja."

"Wewe ni mke wake, na wewe umesoma," Phelesia alisema. "Ukisema yuko hai, mimi naamini yuko hai."

"Yuko hai."

Phelesia akamtemea mate kidogo kifuani, baraka ya wazee, akajifunga leso vizuri, akashika njia ya kurudi ziwani. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kuliko alipokuja. Dorine alisimama mlangoni akimpungia mkono mpaka akapotea nyuma ya vibanda vya soko.

Kisha akafunga mlango. Akachukua kitambaa, akafuta alama ya paji la uso kwenye kioo, taratibu, asiache hata ukungu. Alipomaliza alipiga magoti, mdomo karibu na lile fuvu.

"Mama yako anakusalimu," alinong'ona. "Nimemwambia uko hai. Hata jioni ile nilijua uko hai, Byron. Nilikusikia ukiniita kutoka chini, wakati wote nilipokuwa nikimwaga udongo."